Jinsi ya Kujiandaa kwa Ukaguzi wa Michoro

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo litakalowafaa vijana wa chama cha ufundi, ambao muhula ujao watasimama mbele ya wakaguzi na michoro ya kazi yao. Jambo hili nalijua, maana nami nilipata kusimama hapo nikaaibika, na hata leo nashukuru kwamba niliaibika.

Kwanza tuelewane maana. Ukaguzi wa michoro ni kikao kinachofanywa kabla ya kukata chuma au kumwaga zege. Wenye kazi huonyesha michoro na hesabu zao, na watu wengine wenye ujuzi huwauliza maswali. Wengi hudhani kuwa ni mtihani, wakaingia kwa nia ya kushinda. Sivyo. Hiyo ni nafasi ya mwisho ya kuliona kosa lingali juu ya karatasi, ambapo dawa yake ni kifutio tu. Chuma kikisha kukatwa, dawa ni fedha. Na watu wakisha kupita chini yake, huenda dawa isiwepo.

Nitawapeni mfano. Tulikuwa vijana sita. Shule ya msingi ya jirani ilihitaji mnara wa chuma wa kuwekea tangi la lita 1,000, ili watoto wachote maji kwenye bomba pale pale chini. Tulichora mnara wa miguu minne, kimo chake mita 3, na upana wa mita 1 kutoka mguu hata mguu. Lita moja ya maji ni kilo 1. Basi maji yalikuwa kilo 1,000, tangi lenyewe kilo 30, na mnara kilo 120. Jumla kilo 1,150, yaani nguvu ya nyutoni 11,500 hivi. Tukaigawanya kwa miguu minne, kila mguu ukapata nyutoni 2,875. Tukachagua vyuma viwezavyo kuchukua mara mbili ya mzigo huo, tukajiona mainjinia.

Siku ya ukaguzi mimi ndimi niliyekuwa msemaji, na nilisema sana. Mwalimu mmoja wa fizikia, mtu mpole, akangoja nimalize, kisha akauliza: "Mwanangu, mnara huu una hatari zaidi lini, tangi likiwa limejaa au likiwa tupu?"

Nikajibu upesi, "Likijaa, Mwalimu."

Akanipa chaki.

Tukapiga hesabu ubaoni. Tuseme dhoruba inalisukuma tangi kwa nguvu ya nyutoni 500, na katikati ya tangi ni mita 3.6 juu ya ardhi. Nguvu ya kupindua ni 500 mara 3.6, yaani nyutoni-mita 1,800. Kinachozuia mnara usipinduke ni uzito wake, ukizidishwa kwa nusu ya upana wake, yaani mita 0.5. Tangi likijaa, 11,500 mara 0.5 ni 5,750. Mnara unasimama imara. Tangi likiwa tupu, uzito ni kilo 150 tu, yaani nyutoni 1,500, mara 0.5 ni 750. Mnara unaanguka! Na matangi huwa makavu lini? Mwishoni mwa kiangazi, wakati ule ule dhoruba za mvua za kwanza zinapokuja.

Hakuishia hapo. Akauliza, "Umepata kuandikia juu ya meza inayoyumba?" Meza ya miguu minne inapoyumba, husimama kwa miguu miwili tu, ile iliyo pembe kwa pembe. Vivyo hivyo, ardhi ikididimia chini ya mguu mmoja wa mnara, miguu miwili yaweza kubeba mzigo wote, kila mmoja nyutoni 5,750. Akiba yetu ya mara mbili ilikuwa imekwisha yote kabla upepo haujavuma.

Nilitoka nikitokwa na jasho, lakini mnara ulikuwa bado karatasi. Tukarudi kazini. Kila mguu tukaufunga kwa bolti katika zege la kilo 150, hata tangi likiwa tupu uzito wote ukawa kilo 750, na kizuizi kikawa nyutoni-mita 3,750, zaidi ya mara mbili ya nguvu ya upepo. Vyuma vya miguu tukavibadili kwa vinene zaidi.

Msidhani makosa ya namna hii ni ya wanafunzi tu. Huko Kanada, karibu na mji wa Quebec, lilikuwa likijengwa daraja kubwa la chuma juu ya mto St. Lawrence. Nafasi kati ya nguzo zake kuu ilikuwa futi 1,600, kisha ikaongezwa kuwa futi 1,800. Lakini uzito wa daraja haukuhesabiwa upya kama ilivyopasa. Injinia mshauri, Theodore Cooper, alikuwa mtu mwenye sifa kubwa Marekani. Ilipotakiwa injinia mwingine wa serikali aikague michoro yake, hakukubali. Kosa la uzito lilipoonekana, chuma kingi kilikuwa kimekwisha kutengenezwa, na kazi ikaendelea. Vyuma vikaanza kupinda, na tarehe 29 Agosti 1907 daraja likaanguka, likaua wafanyakazi 75. Sisi tuliulizwa na mwalimu mwenye chaki. Wao waliulizwa na mto.

Basi, yafaa mjiandae namna gani?

Kwanza, andikeni haja ya kazi kwa sentensi moja yenye tarakimu: ni ya nani, itachukua kiasi gani, itakaa wapi. Mkishindwa kuiandika, hamjawa tayari kuchora.

Pili, kila tarakimu iandikieni asili yake: imepimwa, imehesabiwa, au imekisiwa. Kukisia si dhambi, ila kukisia kwa siri. Na tarakimu moja ikibadilika, rudieni hesabu zote zinazoitegemea. Hilo ndilo lililosahauliwa Quebec.

Tatu, msiulize tu "kiasi gani?" bali pia "lini?" Kazi yenu itakuwaje ikiwa imejaa, ikiwa tupu, inapoinuliwa, ardhi inapolowa, na watoto wanapoipanda? Maana wataipanda.

Nne, andikeni njia mlizoziacha na sababu ya kuziacha. Mkaguzi atauliza, "Mbona hamkufanya vile?" Jibu lisitafutwe siku hiyo.

Tano, wapeni wakaguzi michoro wiki moja mbele. Anayeona mchoro kwa mara ya kwanza mezani atauliza mambo ya rangi na maandishi. Aliyelala nao atauliza juu ya tangi tupu.

Sita, jaribuni kwanza kwa mtu asiyejua kazi yenu, hata mdogo wenu wa kidato cha kwanza. Pale atakapokunja uso, pana ufa.

Saba, siku yenyewe anzeni kwa kutaja pale mnapopaonea shaka. Msipafiche nyuma ya maneno mengi kama nilivyofanya mimi. Mmoja wenu asiseme kabisa, kazi yake iwe kuandika kila swali, nani atalijibu, na siku gani. Na msiogope kusema, "Sijui, Mwalimu, nitapima nilete jibu." Hilo ni jibu la injinia.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami nilipita pale shule ya msingi likizo iliyopita, tangi likiwa halina hata tone, na mawingu meusi yakikusanyika. Upepo ukavuma, mabati yakapiga kelele. Watoto walikuwa wamekaa chini ya mnara, wakicheza na ndoo zao tupu, wala hakuna hata mmoja aliyeinua macho kuutazama.

Nawatakia kazi njema.

Mwanafunzi wa Zamani