Hongo lilikuwa rushwa tangu mwanzo?

SWALI: Hapa Ujiji wazee husema zamani misafara ililipa hongo hadharani. Watu walitoaje rushwa mchana kweupe?

JIBU: Haikuwa rushwa. Hongo limetokana na kitenzi honga, kama pigo linavyotokana na piga, na katika biashara ya karne ya 19 lilikuwa malipo ya kupita salama katika nchi ya mtawala. Msafara uliotoka Bagamoyo kuja Ujiji ulipiga kambi, ukatuma wajumbe, ukajadiliana, kisha zikahesabiwa doti za vitambaa vya merikani na kaniki, kila doti mikono minane, pamoja na shanga na nyaya za shaba. Yote yalifanyika mbele za watu, na mlipaji alitarajia njia, maji, soko la chakula na ulinzi wa mali yake. Rushwa hujificha, hongo hili lilipigiwa ngoma.

Utasema ulikuwa unyang'anyi tu. Kweli, wapo waliozidisha: mwaka 1871 msafiri Stanley alidaiwa hongo mara kwa mara huko Uha, nchi ya Waha, hata akaamua kupita porini usiku ili aifikie Ujiji. Lakini ushuru mkubwa hauachi kuwa ushuru, na masimulizi hayo ni ya mlipaji, Waha hawakuulizwa. Ninavyoona, neno lilichafuka pale tawala za kikoloni zilipowanyang'anya watawala wa jadi haki ya kutoza. Ushuru ukawa wa serikali. Hongo likabaki jina la kile kinachopokelewa bila haki.