Nyonga Yako Imejengwaje?

Hebu simama kidogo, weka mikono kiunoni. Ule mfupa mgumu unaougusa kila upande ndio ukingo wa juu wa nyonga. Mtu anayepandisha mlima wa Kilimatinde kutoka bondeni, ndoo ya maji kichwani, anautegemea kila hatua. Uzito wote wa juu hushuka kwenye uti wa mgongo, ukifika nyonga unagawanyika, nusu mguu wa kulia, nusu wa kushoto.

Wengi hudhani nyonga ni mfupa mmoja. Siyo. Nyuma ipo sakramu, yaani pingili 5 za uti zilizoungana, na chini yake kifandugu. Kila ubavu una mfupa mpana, nayo hiyo miwili hukutana mbele, kwenye kinena, ikishikwa na gegedu. Tena kila mfupa mpana ulikuwa mifupa 3 ulipozaliwa! Huungana kwenye kikombe ambamo kichwa cha mfupa wa paja huzunguka, kwa kawaida kati ya miaka 14 na 17. Kwa hiyo wewe wa kidato cha pili, huenda yako bado inajengwa.

Nyonga ya mvulana ni nyembamba na nzito zaidi. Ya msichana ni pana, na uwazi wake wa ndani ni wa mviringo. Kwa mwanamke mzima uwazi huo kwa juu una kama sm 13 kutoka ubavu hadi ubavu, na sm 11 mbele kwa nyuma. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi kina upana wa kama sm 9.5. Unaona nafasi ilivyo ndogo? Isitoshe, kwa chini tundu limegeuka, sasa refu ni mbele kwa nyuma. Ndiyo maana mtoto huingia akitazama ubavuni, halafu anazunguka akishuka. Mifupa ya fuvu lake, ambayo haijashikana, hupandana kidogo ili apite.

Mtaani utasikia eti dada mwenye makalio makubwa atajifungua kirahisi. Porojo tu! Unachokiona nje ni mafuta na misuli. Tundu liko ndani.

Sasa mfikirie msichana wa miaka 15 mwenye mimba. Kimo chake huenda kimeshafika, lakini njia ya uzazi bado inapanuka, maana yenyewe huchelewa kuliko kimo. Kichwa cha mtoto kikikwama, hukandamiza kibofu kwenye mfupa wa kinena. Damu haifiki, nyama hufa, linabaki tundu na mkojo unavuja mchana na usiku. Mara nyingi mtoto naye hufa. Hiyo ndiyo fistula, wala si uchawi. Mama mtu mzima pia anaweza kuipata, akikaa na uchungu masaa mengi bila msaada.

Kliniki hupima kimo cha mjamzito kwa sababu hiyohiyo: aliye chini ya sm 150 huweza kuwa na nyonga ndogo, hivyo hushauriwa kujifungulia hospitali. Uchungu ukipita masaa 12, asisubiri nyumbani, huenda akahitaji kupasuliwa. Na aliyekwisha kupata fistula asijifiche. Inashonwa, na hospitali ya CCBRT Dar es Salaam huifanya kazi hiyo bila malipo.