Kilindoni hadi Dar es Salaam: Umbali wa Anga na Muda Halisi wa Safari

Kwa mkazi wa Mafia aliyepewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Taifa Muhimbili, tiketi ya ndege huonekana kuwa suluhisho la haraka. Kutoka Kiwanja cha Ndege cha Mafia, kilichopo Kilindoni, hadi Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, ndege huwa angani kwa takribani nusu saa. Hata hivyo, nusu saa hiyo ni sehemu ndogo ya safari, na asiyelizingatia hilo anaweza kukosa miadi ya daktari aliyoisubiri kwa muda mrefu.

Umbali

Umbali wa anga hupimwa kwa mstari ulionyooka. Kiwanja cha Dar es Salaam kipo takribani kilomita 115 kaskazini na kilomita 52 magharibi mwa kile cha Kilindoni. Kwa kanuni ya pembetatu yenye pembe mraba, 115 mara 115 ni 13,225, na 52 mara 52 ni 2,704. Jumla yake ni 15,929, na kipeuo chake cha pili ni takribani 126. Umbali huo basi ni kilomita 126.

Muda wa angani

Muda hupatikana kwa kugawanya umbali kwa mwendo. Ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa huhitaji dakika 25. Zikiongezwa dakika za kuruka na kutua, muda hufikia dakika 30 hadi 35. Upepo nao una athari. Kusi ikivuma kwa kilomita 30 kwa saa na kuisukuma ndege kutoka nyuma, dakika 25 hupungua hadi 23. Kaskazi ya nguvu hiyohiyo ikiikabili, huwa 28. Tofauti ni dakika 5 tu. Kwa hiyo, muda mwingi wa msafiri hutumika ardhini.

Muda halisi

Tuchukue mfano wa mgonjwa wa Kirongwe mwenye miadi Muhimbili saa 4:00 asubuhi, na ndege yake inaruka saa 3:00. Atenge saa 1 ya kufika Kilindoni na saa 1 ya ukaguzi na kusubiri. Maana yake aondoke nyumbani saa 1:00. Atatua saa 3:35. Akitenga dakika 20 za kuchukua mizigo na saa 1 na nusu za foleni ya barabarani, atafika hospitalini saa 5:25. Safari ya dakika 35 imekuwa ya saa 4 na dakika 25, na miadi imempita.

Mambo ya kuzingatia

Mwenye miadi ya asubuhi asafiri siku moja kabla. Aidha, asome tiketi kwa makini: 09:00 ni saa 3:00 asubuhi, na 15:30 ni saa 9:30 alasiri. Ndege ndogo huwa na kikomo cha uzito wa mizigo. Ni vyema kukiulizia mapema. Barua ya rufaa, kitambulisho na dawa zikae katika mkoba wa mkononi.

Kabla ya kukata tiketi, msafiri aanze kuhesabu kutoka saa ya miadi, akirudi nyuma hatua kwa hatua hadi mlangoni pa nyumba yake.