Kipa Asiye na Timu: Somo la Tawakkul na Kufanya Sababu



Ndugu zangu katika imani, makala haya yametokana na mazungumzo ya hosteli. Usiku mmoja baada ya swala ya Isha, mwenzetu wa mwaka wa mwisho alitueleza kwamba ameacha kutuma barua za kuomba kazi. "Nimetuma za kutosha," alisema. "Riziki imeshaandikwa, basi na ije." Nikamkumbusha habari za subira. Akanijibu, "Sasa si ndiyo ninasubiri?" Wenzangu wote wakanigeukia mimi ninayesoma masomo ya Kiislamu, nami sikuwa na jawabu. Leo ninajaribu kumjibu, na mfano ninauchukua kwenye jambo analolipenda kuliko yote: mpira.

Mwaka bila timu

Édouard Mendy alizaliwa Ufaransa mwaka 1992, mama yake akiwa Msenegali. Mwaka 2014 alikuwa kipa wa Cherbourg, timu ya madaraja ya chini. Mkataba wake ulipoisha, wakala alimwahidi timu Uingereza. Mendy akasubiri. Dirisha la usajili likafungwa, ahadi ikayeyuka, na timu za Ufaransa zilikuwa zimeshajaza nafasi zao. Akaenda kujiandikisha katika ofisi ya watu wasio na kazi. Wakati huo mwenzi wake alikuwa na mimba ya mtoto wao wa kwanza.

Alifikiria kuachana na mpira. Hata hivyo alirudi Le Havre, timu aliyowahi kuichezea utotoni, akaomba kufanya mazoezi na kikosi cha akiba. Alikuwa hana mkataba wala mechi ya kucheza Jumamosi. Mwaka 2015 Marseille ilikuwa ikitafuta kipa wa nne, na mtu aliyemfahamu tangu Cherbourg akalitaja jina lake. Alikaa huko msimu mmoja bila kucheza hata mechi moja ya kikosi cha kwanza. Mwaka 2016 akahamia Reims, daraja la pili, akiwa kipa wa pili. Mechi ya kwanza ya msimu, dakika ya 5, kipa wa kwanza akatolewa kwa kadi nyekundu. Mendy akaingia, na Reims wakashinda bao 1-0.

Tuisimamie dakika hiyo. Kadi nyekundu haikuwa mikononi mwake. Lakini lau kama mwaka ule wa ukosefu wa kazi angeukalia nyumbani, dakika ya 5 ingemkuta hana pumzi wala wepesi. Mlango ulifunguliwa na mwingine, yeye alichokuwa nacho ni kuwa tayari mlangoni.

Mwaka 2018 Reims walikuwa mabingwa wa daraja la pili, yeye akiwa kipa wa kwanza. Mwaka 2019 alikwenda Rennes, mwaka 2020 Chelsea, na tarehe 29 Mei 2021 mjini Porto Chelsea wakaifunga Manchester City bao 1-0 na kutwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Wanavyosema wanazuoni

Wanazuoni wetu hutofautisha maneno mawili yanayofanana kwa sauti. Tawakkul ni moyo kumtegemea Mwenyezi Mungu huku viungo vikifanya kazi. Tawaakul ni kuacha kazi kisha kuuita uvivu huo imani. Hadithi ya ngamia anayefungwa kwanza, kisha mwenyewe akamtegemea Mola wake, sote tunaijua. Nataka niongeze mbili.

Katika Sahihi Bukhari, Ibn Abbas anasimulia kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda kuhiji bila masurufu, wakijiita wenye kutawakali. Wakifika Makka huishia kuombaomba. Hapo ikateremka sehemu ya aya ya 197 ya Suratul Baqara inayowaamrisha mahujaji kuchukua masurufu. Watu hawa walikuwa katika safari ya ibada, na bado hawakuachiwa.

Ya pili ni hadithi ya ndege, aliyoipokea Tirmidhi. Mtume (s.a.w.) anatufahamisha kwamba tungetawakali ipasavyo tungeruzukiwa kama ndege, wanaotoka asubuhi matumbo matupu na kurudi jioni wameshiba. Wengi wetu tunashika neno kushiba, tunasahau neno kutoka.

Basi jawabu la ndugu yangu ni hili: subira ni kubaki kwenye mazoezi wakati hakuna mechi. Aliyeacha kutuma barua hasubiri tena, amekata tamaa, na kukata tamaa hakuwi subira kwa kubadilishwa jina.

Mkono na mlingoti

Hapa pana hatari nami sitaki tuiangukie. Mtu anaweza kusoma habari hizi akadhani kila anayejitahidi atafika Porto. Si kweli. Timu ina makipa watatu au wanne na golini husimama mmoja.

Mendy mwenyewe alilionja hilo. Kwenye Kombe la Afrika la 2019 nchini Misri alianza vizuri, kisha akavunjika kidole na mashindano yakamwishia hapo. Sisi Waganda tunayakumbuka mashindano yale, maana Senegal ndiyo iliyoitoa Uganda Cranes kwa bao 1-0, siku ambayo Denis Onyango aliokoa penalti ya Sadio Mané. Senegal walifika fainali bila Mendy na wakafungwa na Algeria. Alikuwa amefanya sababu zote, na hakupata.

Miaka miwili na nusu baadaye, tarehe 6 Februari 2022 mjini Yaoundé, fainali ya Senegal na Misri iliisha 0-0 na kwenda kwenye penalti. Senegal wakashinda 4-2. Wamisri walikosa mbili: moja iligonga mlingoti wa goli, nyingine Mendy aliicheza kwa mkono. Kila nikizifikiria penalti hizi mbili naona somo zima. Moja ilipita kwenye mkono wake, nyingine hakuigusa kabisa. Lakini zote mbili aliruka.

Simleti mchezaji huyu kama kiongozi wa dini. Kilichomo moyoni mwake anakijua Mola wake. Ninachosema ni kwamba hata kama asingepata kombe lolote, mwaka wake wa mazoezi usingekuwa wa bure kwa baba anayetafuta halali kwa ajili ya mtoto wake. Matokeo hayakuwekwa mikononi mwetu. Tutaulizwa kama tuliruka.

Ndugu yangu wa hosteli, kesho tuandike barua nyingine. Nitakaa nawe tuisome pamoja kabla hujaituma, kisha tuswali rakaa mbili.

Maswali ya halaqa

1. Ni jambo gani katika masomo au kazi umeliacha ukisema ni kadari, kumbe umechoka?
2. Wakala aliahidi na ahadi haikutimia. Uislamu unasemaje juu ya anayewaahidi watu kazi asiyo na uhakika nayo?
3. Jina la Mendy lilitajwa na mtu aliyemfahamu. Ni nani ambaye wewe unaweza kulitaja jina lake wiki hii?

Mwenyezi Mungu aturuzuku halali, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotoka asubuhi. Amin.

Wabillahi tawfiq.