Kujitolea, Ibada na Afya ya Wazee: Kipi Sababu, Kipi Matokeo?

Mzee aliyestaafu akionekana anafagia msikiti, au anazuru wagonjwa kwa niaba ya kanisa lake, husemwa kuwa kazi hiyo ndiyo impayo nguvu. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia nguvu alizo nazo ndizo zimwezeshazo kuifanya, na mwenzake mwenye miguu mibovu amebaki nyumbani, hahesabiwi.

Tuutazame uchunguzi wa wilaya ya Marin, jimbo la California, Marekani, uliotangazwa na Doug Oman na wenzake mwaka 1999. Walifuatilia wakazi 1,972 wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Baada ya kuzingatia umri na jinsia, kiwango cha vifo cha waliojitolea katika vyama viwili au zaidi kilikuwa pungufu kwa asilimia 63 kikilinganishwa na cha wasiojitolea. Msomaji mwenye haraka angeishia hapo. Wachunguzi hao walitia pia hesabuni uwezo wa mwili, mazoea ya afya, kuhudhuria ibada, na msaada wa jamaa na marafiki. 63 ikashuka hadi 44. Basi sehemu ya tofauti ile ya kwanza haikuwa ya kujitolea peke yake, na hiyo 44 nayo yaweza kuficha mambo yasiyopimwa.

Mwaka 2003 Marc Musick na John Wilson walichambua mahojiano ya Wamarekani ya mwaka 1986, 1989 na 1994, wakipima sonona, yaani huzuni nzito ya kudumu. Kwa waliopita umri wa miaka 65, kujitolea kuliipunguza. Na utumishi wa kidini ulifaa zaidi kuliko ule usio wa kidini. Kwa walio chini ya umri huo tofauti hiyo ya mwisho haikuonekana. Sehemu ya manufaa ilitokana na kuchangamana na watu. Kwa maoni yangu si ajabu: katika jumuiya ya ibada, mzee asipofika siku moja huulizwa.

Njia thabiti ya kutenganisha sababu na matokeo ni kura: wazee wagawanywe kwa bahati nasibu, kundi moja lipewe kazi, la pili lisubiri. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2013 yalikuta kwamba tafiti za kufuatilia watu zilionyesha hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 22, lakini majaribio ya kura hayakuthibitisha manufaa hayo ya afya. Tena imani haigawiwi kwa kura. Kwa hiyo kumwambia bibi aliyelala kitandani kuwa amedhoofu kwa sababu ameacha utumishi ni kumdhulumu kwa jina la sayansi.

Zoezi. Tuseme kijiji kina wazee 100. Kati ya 40 wanaojitolea, 30 hutembea bila mkongojo. Kati ya 60 wasiojitolea, ni 15 tu. Baada ya miaka mitano, ni makundi gani utakayolinganisha ili kupima athari ya kujitolea, na kwa nini?