Ngozi Ikikataa Marashi: Hatua za Kumjua Mchokozi

Katika mtaa wa Buyenzi, harusi haipiti bila udi na marashi, na kila duka la mjini Bujumbura lina krimu zinazonukia. Kama shingo, kwapa au mikono yako inawasha na kutoka vipele siku moja au mbili baada ya kujipaka, fuata hatua hizi.

1. Acha kila kinachonukia. Kwa wiki mbili hadi nne weka kando marashi, losheni na sabuni zenye harufu. Jipake vaselini isiyo na manukato. Ukipata nafuu, shuku manukato.

2. Soma lebo. Nyingi zimeandikwa Kifaransa: tafuta "parfum". Neno hilo moja laweza kubeba makumi ya viungo. Tafuta pia geraniol, linalool, eugenol na cinnamal. Eugenol imo kwenye karafuu na cinnamal kwenye mdalasini, kwa hiyo kitu cha asili nacho huweza kudhuru.

3. Jipime mkononi. Paka bidhaa unayoishuku upande wa ndani wa mkono, chini kidogo ya kiwiko, palepale, mara mbili kwa siku, kwa siku 7 hadi 14. Vipele vikitoka, acha. Usijipime hivi kwa sabuni wala mafuta makali yasiyochanganywa, na usifunike kwa plasta.

4. Muone daktari wa ngozi. Muulize mapema kama ana vibandiko vya kupimia mzio. Kama hana, omba rufaa. Mwambie dawa zote unazotumia, hasa vidonge vya prednisolone na krimu za kung'arisha ngozi, kwani steroidi zinazoweza kuwamo huficha jibu. Usiache vidonge bila ruhusa yake. Chukua na vipodozi vyako.

5. Linda mgongo kwa saa 48. Vibandiko hubandikwa mgongoni, na hubeba viungo vilivyopunguzwa makali: mchanganyiko wa kwanza wa manukato una viungo 8, wa pili 6, na balsamu ya Peru (utomvu wa mti unaonukia) hupimwa peke yake. Usilowanishe mgongo, usicheze mpira, usibebe mizigo. Jasho hubandua vibandiko.

6. Rudi usomewe majibu mara mbili. Mara ya kwanza ni vibandiko vinapotolewa. Ya pili ni siku ya 3 au ya 4, pengine hata ya 7. Mzio huu huja polepole, na anayekosa usomaji wa pili anaweza kuondoka na jibu la uongo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, hivyo daktari hupapasa kutafuta uvimbe.

7. Tembea na orodha. Andika majina ya viungo vilivyokukataa kama yalivyo kwenye lebo, na ununue vilivyoandikwa "sans parfum", ukihakiki viungo vyake. Mwili hausahau mzio huu. Kujizoeza kidogokidogo hakusaidii.

Uso ukivimba ghafla au pumzi ikibana, usingoje kipimo: kimbilia hospitali.