Mada ya 4: Kazi za Mbunge Wakati wa Mkutano wa Bunge

Baada ya kusoma mada hii, mtahiniwa aweze:
(a) kutofautisha mkutano wa Bunge na kikao cha Bunge;
(b) kueleza kazi nne za mbunge akiwa bungeni;
(c) kueleza mipaka ya madaraka ya mbunge;
(d) kutumia mfano halisi katika jibu la insha.

4.1 Utangulizi

Watahiniwa wengi wakiulizwa kazi za mbunge hujibu: "Mbunge hujenga barabara, huchimba visima na hutoa misaada." Jibu hilo halipati alama, kwa sababu kujenga na kuchimba ni kazi za Serikali. Mbunge huuliza, husimamia, huidhinisha fedha na hutunga sheria. Kazi hizo zimetajwa katika Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Soma ibara hiyo kwanza, kisha endelea.

4.2 Mkutano na kikao

Mkutano wa Bunge ni mfululizo wa vikao vinavyoendelea kwa wiki kadhaa jijini Dodoma. Kikao ni siku moja ya kazi ndani ya mkutano huo. Kwa kawaida Bunge hufanya mikutano minne kwa mwaka. Mrefu kuliko yote ni Mkutano wa Bajeti, ambao huanza Aprili na kumalizika Juni, kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai 1.

Kuhudhuria ni wajibu. Kwa mujibu wa Ibara ya 71, mbunge akikosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika hupoteza kiti chake.

4.3 Kazi nne za mbunge bungeni

Tutumie mfano mmoja hadi mwisho. Mlandizi ni mji ulio kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Morogoro, katika Jimbo la Kibaha Vijijini. Hapo upo mtambo wa maji wa Ruvu Juu, unaosafisha maji ya Mto Ruvu na kuyasukuma kuelekea Kibaha na Dar es Salaam. Tuseme kipo kitongoji ambacho bomba kubwa linapita kando yake, lakini akina mama wanaamka alfajiri kutafuta maji kwa ndoo. Mbunge wao atafanya nini akifika Dodoma?

*(i) Kuuliza maswali*

Mbunge hupeleka swali lake kwa maandishi katika Ofisi ya Bunge, nalo hupelekwa kwenye wizara inayohusika. Siku ya kujibiwa, Waziri au Naibu Waziri husimama asubuhi, katika kipindi cha maswali, na kutoa majibu ya Serikali. Baada ya hapo mwuliza swali hupewa nafasi ya kuuliza maswali ya nyongeza. Siku ya Alhamisi huwa na kipindi cha maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu.

Swali lazima liende panapostahili. Maji ni ya Wizara ya Maji. Barabara za wilaya zinasimamiwa na TARURA, iliyo chini ya TAMISEMI. Barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na TANROADS, iliyo chini ya wizara ya ujenzi. Swali pia liwe na kipimo. "Serikali ina mpango gani wa kuleta maji?" huvuta jibu la "mpango upo". Swali la "Ni lini ujenzi utaanza, na ni kiasi gani kimetengwa mwaka huu wa fedha?" huvuta tarehe na tarakimu. Majibu yote huandikwa katika Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, yaani Hansard. Mwakani mbunge anaweza kurudi nayo na kuuliza kilichofanyika.

*(ii) Kujadili na kuidhinisha bajeti*

Katika Mkutano wa Bajeti kila wizara huleta makadirio ya mapato na matumizi yake. Mbunge wa Mlandizi ataangalia kama mradi wa kile kitongoji umo. Usipokuwemo, ahadi ya Waziri haina fedha nyuma yake.

Hapa ndipo utasikia mbunge "ameshika shilingi". Wakati Bunge limekaa kama Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika anaweza kutoa hoja ya kupunguza shilingi moja katika mshahara wa Waziri. Shilingi moja haimpunguzii Waziri kitu. Lengo ni kumlazimisha atoe maelezo ya kutosha mbele ya Bunge zima. Akiridhika, mbunge huirudisha shilingi na fungu hupitishwa.

*(iii) Kutunga sheria*

Muswada hutangazwa katika Gazeti la Serikali, husomwa mara ya kwanza, kisha hupelekwa kwenye kamati inayohusika. Kamati inaweza kuwaita wananchi na wadau kutoa maoni. Katika kusomwa mara ya pili muswada hujadiliwa. Kamati ya Bunge Zima huupitia kifungu kwa kifungu. Halafu husomwa mara ya tatu na kupitishwa. Hauwi sheria mpaka Rais aukubali. Soma Ibara ya 97 ujue kinachotokea Rais akiukataa.

*(iv) Kusimamia Serikali kupitia kamati*

Kazi hii haionekani sana kwenye televisheni, lakini ni nzito. Kamati ya Hesabu za Serikali (PAC) na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa (LAAC) hupitia taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Kama fedha za mradi zilitoka na bomba halikulazwa, kamati huwaita watendaji wajieleze.

4.4 Mipaka ya madaraka ya mbunge

- Hawezi kuanzisha kodi mpya kwa muswada wake binafsi. Ibara ya 99 inataka mapendekezo ya aina hiyo yatoke kwa Rais na kuwasilishwa na Waziri.
- Hawezi kumwamuru mhandisi wala mkurugenzi wa halmashauri.
- Mbunge aliye Waziri haulizi maswali, bali huyajibu. Selemani Jafo, Mbunge wa Kisarawe, aliteuliwa kuwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI mwaka 2017, hivyo alikuwa akijibu maswali ya wabunge wenzake.

Je, wajua? Tanzania haina seneti. Bunge la Muungano ni chumba kimoja. Kenya ina vyumba viwili chini ya Katiba ya mwaka 2010, na kila kaunti kati ya 47 humchagua seneta wake. Marekani ina Seneti ya taifa, na kila jimbo pia lina maseneta wake.

4.5 Swali la mfano

*"Mbunge anayechangia harusi na misiba jimboni ndiye mbunge bora." Jadili kauli hii.*

Mwongozo wa kujibu: Utangulizi ueleze mbunge ni nani. Katika kiini, kubali kwamba kuwa karibu na wananchi kuna faida, kwani ndiko mbunge anakopata maswali ya kupeleka Dodoma. Kisha onyesha kwamba mchango wa harusi huisha siku hiyo hiyo, ilhali fungu la bajeti likipitishwa na kusimamiwa huleta maji kwa miaka. Toa hoja nne kutoka 4.3, kila moja na mfano. Hitimisho litoe msimamo wako.

Angalizo: Wengi wenu mtakuwa mmetimiza miaka 18 uchaguzi ujao ukifika. Mgombea atakapokuja kuomba kura, muulize kama mtahini: aliuliza maswali gani, alijibiwa nini, na alifuatilia vipi?

4.6 Zoezi

1. Tofautisha mkutano na kikao cha Bunge.
2. Kwa nini mbunge hushika shilingi moja tu?
3. Andika swali moja la msingi na moja la nyongeza kuhusu kero ya kijiji au mtaa wenu. Taja wizara inayohusika.